Kuufuata Waya wa Tunduma

Laini niliyokwenda kuitazama ilikuwa bado haijapeleka hata uniti moja Zambia. Ndiyo sababu nilitaka kuiona mapema, minara ikiwa bado inasimamishwa, kabla umeme haujaanza kupita na watu wakaizoea kiasi cha kuacha kuiuliza maswali. Nilisafiri Agosti 2025. Nimekulia Tanga, na mpaka siku hiyo Nyanda za Juu Kusini nilizijua kwa viazi vya Mbeya, mchele wa Kyela na mbao za Mafinga zinazoshushwa sokoni kwetu. Nilikuwa sijawahi kuvuka Mikumi.

Mkobani nilikuwa na nakala ya sheria ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 956 ya mwaka 2023, iliyoanzisha ushuru wa kaboni mpakani. Maana yake kwa ufupi: bidhaa iliyotengenezwa kwa kuchoma makaa, mafuta au gesi nje ya Ulaya, ikiingia Ulaya, mwagizaji wake anailipia hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuitengeneza, kwa bei ileile wanayolipa wenye viwanda wa kule. Orodha ya bidhaa ni fupi: saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni, na umeme. Kila nilipofika kwenye hilo neno la mwisho nilisimama. Tanzania haina waya unaofika Ulaya. Lakini tunajenga waya unaofika Zambia, Zambia imeungana na Zimbabwe, na Zimbabwe na Afrika Kusini. Nilitaka kujua sheria iliyoandikwa Brussels ina uhusiano gani na minara inayopita kwenye mashamba ya mahindi ya Wahehe na Wasafwa.

Basi liliiacha Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vya kila rangi kandokando ya barabara, likaanza kuupanda Mlima Kitonga nyuma ya foleni ya malori ya kontena. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde linaloshuka hadi kwenye mibuyu. Mama wa Kihehe niliyekaa naye, aliyekuwa akitoka Morogoro kumuuguza binti yake, alinitazama nilivyovaa akaniambia nitoe sweta. "Joto lenu linaishia hapa, mwanangu." Tulipofika Ipogolo jua lilikuwa kali na upepo wa baridi, vyote kwa pamoja, hali ambayo mtu wa pwani hana nguo yake.

Iringa mjini nilikuwa na mwenyeji, mzee aliyezeeka kwenye kazi za laini kubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kunikaribisha chai akanichukua mpaka upande wa Tagamenda, kwenye kituo kikubwa cha kupoza umeme. Tulisimama nje ya uzio. Alinionyesha kwa fimbo. Ile laini ya kilovolti 220 imepanda kutoka Kidatu, inakwenda Mufindi hadi Mbeya, ni ya zamani na ndiyo iliyoilea Mbeya. Ile pana zaidi, ya kilovolti 400, inakwenda Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilometa 670, ilikamilika mwaka 2016. Pale Singida umetoka mkono wa kwenda Isinya, Kenya, na Kenya nayo tangu mwaka 2022 inapokea umeme wa Ethiopia kwa laini ya zaidi ya kilometa elfu moja. Kisha akageuza fimbo kusini. Huko inakwenda mpya: Kisada, Mbeya, Tunduma mpakani, na tawi la kwenda Sumbawanga. Kilometa 600 na ushee. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 455 mwaka 2018, na AFD, shirika la maendeleo la Ufaransa, pamoja na Umoja wa Ulaya wakaongeza zao.

"Hii ikiisha," alisema, "mtu wa Addis na mtu wa Johannesburg watakuwa kwenye waya mmoja. Na fundo liko hapa."

Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye ripoti, lakini sikuwa nimeelewa uzito wake mpaka nilipoyatazama yale machuma yamesimama kwenye nyasi kavu. Mashirika mawili ya umeme ya Afrika, la Mashariki lenye makao Addis Ababa na la Kusini lenye makao Harare, yamekuwa kama visiwa tangu yaanzishwe, moja mwaka 2005 na jingine 1995. Tanzania ni mwanachama wa yote mawili. Iringa na Mbeya ndipo yanapokutana.

Jioni tulikaa kwake, moto wa mkaa miguuni, nikamsomea vifungu vya kanuni nikivitia katika Kiswahili. Alisikiliza vizuri hadi kwenye kiambatisho cha umeme, akaniomba nirudie. Kifungu kinasema hivi: umeme unaoingia Ulaya utapewa kiwango cha hewa ukaa kulingana na wastani wa mitambo ya nchi ulikotoka. Lakini wastani huo, kama ulivyoandikwa mwaka 2023, unachukua mitambo inayochoma makaa, gesi na mafuta peke yake. Mitambo ya maji, upepo na jua haimo.

"Kwa hiyo maji hayahesabiwi?"

Hayahesabiwi, mpaka mwagizaji athibitishe. Na uthibitisho una masharti mazito. Lazima kuwe na mkataba wa mauziano kati ya mtambo na mwagizaji. Lazima waya kati yao usiwe umezidiwa. Mtambo usitoe zaidi ya gramu 550 za hewa ukaa kwa kila uniti. Umeme uwe umepangiwa nafasi kwenye laini ya mpakani katika muda uleule unaozalishwa, usiozidi saa moja, na mkaguzi aliyeidhinishwa aweke saini. Kipande kimoja kikikosekana, unarudishwa kwenye wastani wa mitambo ya kuchoma.

Mzee alitikisa kichwa. Alisema jambo ambalo limebaki kuwa kiini cha safari yangu. Maji ya Kihansi na gesi ya Kinyerezi vikishaingia kwenye gridi ni kitu kimoja. Mita inajua kiasi kilichopita, haijui kilitoka wapi. Anayejua ni yule aliyeko chumba cha kuongozea mitambo, ambaye kila saa anaona nani amewasha na nani amezima. "Hiyo kumbukumbu ipo," alisema. "Lakini ni ya kuendeshea mitambo. Hakuna aliyewahi kutuambia ni bidhaa."

Wanaoumizwa na kifungu hicho kwa sasa wako mbali nasi. Serbia, Bosnia na Montenegro huwauzia umeme majirani walio ndani ya Umoja wa Ulaya. Nchi hizo zina mabwawa mazuri na pia zina mitambo ya makaa, na kwa hesabu hiyo hata umeme wa mabwawa unavaa koti la makaa ukifika mpakani. Barani Afrika yenye nyaya za kuuza Ulaya ni Morocco, iliyoungana na Hispania chini ya bahari mwaka 1997 na tena 2006. Hebu tuiweke hesabu hiyohiyo hapa kwetu kwa kujaribu tu. Zambia hupata karibu asilimia 85 ya umeme wake kwenye maji, lakini mtambo wake mkubwa wa kuchoma ni wa makaa, Maamba, megawati 300. Kwa wastani wa Brussels, Zambia ya mabwawa ya Kariba na Kafue inakuwa nchi ya makaa. Sisi mitambo yetu ya kuchoma ni ya gesi asilia, ambayo ikichomwa hutoa takriban nusu ya ukaa wa makaa, kwa hiyo tungeonekana nchi ya gesi. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa, ya kwanza ikawashwa Februari 2024 na ya mwisho Aprili 2025, lisingeonekana kabisa. Uwezo wa mitambo yetu yote umepita megawati 4,000, na zaidi ya nusu ni lile bwawa moja. Nchi imejinyima miaka mingi kulijenga. Kulifuta kwa kanuni ya wastani ni dhuluma, na sioni haja ya kulisema kwa upole.

Asubuhi nilipanda gari la Mafinga. Mufindi ilinipokea kwa ukungu na misonobari. Sikujua kuwa nguzo ya mbao iliyo mbele ya nyumba yetu Tanga huenda ilikua hapa, ikakatwa, ikachemshiwa dawa na kupakiwa lorini Mafinga. Viwanda vya nguzo vimepanga mikaratusi iliyochongwa kama vijiti vya kiberiti, maelfu, ikisubiri vijiji. Kijana aliyekuwa akihesabu mzigo aliniambia anaweza kukuonyesha kitalu kila nguzo ilikotoka, kwa sababu bila hivyo watu wa Misitu hawakupi kibali cha kusafirisha.

Kutoka hapo barabara ya vumbi inashuka kwenye mashamba ya chai, na mito inayotoka kwenye misitu hiyo ndiyo inayozungusha mashine nyingi za nchi. Mwenga, mtambo mdogo wa megawati 4 uliowashwa mwaka 2012, huwapa umeme wenye chai na vijiji jirani, na unaobaki huuzwa kwenye gridi. Mradi mdogo namna hiyo ungeweza kuthibitisha leo hii umeme wake umetoka wapi: mto mmoja, mashine zinazojulikana, mita mlangoni. Ugumu huanza pale mambo yanapokuwa makubwa.

Upande wa mashariki wa milima hiyohiyo iko Kihansi, megawati 180, na simulizi yake inafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema neno nishati safi. Maporomoko yalipoelekezwa kwenye mashine, manyunyu yaliyokuwa yakilowesha bonde yakapotea, na chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyeishi popote pengine duniani akaanza kufa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wametunzwa Marekani, na mwaka 2012 kundi la kwanza likarudishwa kwenye bonde lake chini ya manyunyu ya mabomba. Ushuru wa kaboni hauna safu ya chura. Nalitaja kwa sababu sitaki mtu aniambie kwamba wanaopima ukaa wamepima kila kitu.

Makambako nilishuka kwa makusudi. Hapo barabara inagawanyika: kulia unakwenda Mbeya, kushoto Njombe na kuendelea hadi Ludewa au Songea. Kijiweni nilikunywa chai ya tangawizi nikitazama malori yenye maturubai meusi yakitoka upande wa Songea, makaa ya mawe ya Ruvuma. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokausha gesi Ulaya, meli zilipakia makaa kama hayo bandarini Mtwara kwenda kwa wanunuzi wa Ulaya. Makaa yenyewe hayamo kwenye orodha ya ushuru wa mpakani. Ni kweli kwamba yakichomwa kule, mtambo wa kule unalipa kwenye soko lao la kaboni. Lakini ukae hapo Makambako ufikirie Ludewa.

Huko Liganga kuna mlima wa chuma, tani milioni 126 zilizopimwa. Mchuchuma, jirani yake, kuna makaa tani milioni 428. Tangu mkataba wa mwaka 2011 na kampuni ya Kichina, mpango umekuwa kuyeyusha chuma hicho kwa makaa hayo na kujenga mtambo wa umeme wa megawati 600. Watu wa Ludewa wamesubiri fidia na ajira mpaka waliokuwa vijana wana wajukuu. Sasa tuseme tanuri limewashwa. Jiwe la makaa likisafirishwa ghafi Ulaya halidaiwi kitu mpakani. Pau ya chuma iliyoyeyushwa kwa jiwe hilohilo Ludewa inadaiwa. Anayeuza malighafi hapati bugudha, anayetaka kuongeza thamani ndiye anayekutana na ankara. Sheria haikuandikwa kwa nia hiyo, lakini hivyo ndivyo inavyotufikia.

Na hapo ndipo waya wa Iringa unapoingia. Mwenye kupanga Liganga leo ana jambo ambalo waliopanga mwaka 2011 hawakuwa nalo: gridi yenye maji mengi ya ziada, inayopita Makambako. Chuma kwa sasa kinahesabiwa moshi wa tanurini tu, umeme haujaingizwa kwenye hesabu yake. Saruji na mbolea tayari zinahesabiwa na umeme. Kujenga mtambo mpya wa makaa wa kudumu nusu karne kwa kuamini kwamba chuma kitaachwa hivyo ni kubahatisha mali ya watoto. Niliyaandika hayo kwenye daftari hapohapo kijiweni, na mpaka leo sijabadili neno.

Baada ya Igawa nchi ilishuka na kufunguka. Usangu. Nilidhani nimerudi kwetu Mombo, joto lilivyorudi. Rujewa, Chimala, Igurusi, pande zote mpunga uliokwisha kuvunwa, mifereji, mashine za kukoboa zikipiga kelele na pumba zimerundikwa kama vichuguu. Kwenye mashine moja Chimala mama mwenye kukoboa alinionyesha mita yake ya LUKU ukutani. Alisema umeme ukikatika msimu wa mavuno, wenye mpunga huhamia kwa jirani mwenye injini ya dizeli na hawarudi. Nilimwuliza kama anajua maji ya mashamba haya yanakwenda wapi. Alinishangaa. "Si yanakwenda Mtera? Tumesemwa sana na maji ya Mtera."

Wamesemwa kweli. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kila mgao wa umeme ulipokuja, lawama zilimiminika Usangu, kwa wakulima wa mpunga na hasa kwa wafugaji, ambao mwaka 2006 waliondolewa Ihefu na mifugo yao. Mtera, megawati 80, na Kidatu, 204, zinakunywa mto huu. Bwawa la Julius Nyerere linanufaika zaidi na Kilombero, lakini Ruaha nao umo. Kwa hiyo mama wa Chimala, bila kumiliki hata nguzo, ni mshirika katika kila uniti safi itakayovuka Tunduma. Wenye mpunga wake wakifungua mfereji, uzalishaji unapungua mahali fulani. Wakiufunga, mpunga unapungua. Katika kurasa zote za kanuni niliyobeba hakuna mahali panapomwona.

Biashara ya umeme kati ya nchi na nchi ina maana hasa kwa sababu mvua hazinyeshi kwetu kwa pamoja. Mwaka 2024 mvua za El Niño ziliujaza Rufiji, mto wa Bwawa la Julius Nyerere, mpaka mafuriko, wakati huohuo Zambia ikikauka kiasi kwamba mwezi Februari Rais Hichilema alitangaza janga la taifa. Kariba ilishuka hadi mashine zikakaribia kusimama. Laini ya Tunduma ingekuwepo mwaka ule, ingekuwa ni mkono wa jirani. Haikuwepo, na Zambia ikashikilia makaa ya Maamba na jenereta. Hilo peke yake linanitosha kusema kuwa waya huu ni wa haki kujengwa, ushuru uwepo usiwepo.

Mbeya niliingia usiku, nikalala nimevaa kila nilichokuwa nacho. Asubuhi jiji lilikuwa limezungukwa na milima kila upande, na harufu ya moshi wa kuni na ndizi za kuchoma. Mwanjelwa nilinunua koti la mtumba. Kwa muuza parachichi nilijifunza kusema ndaga, asante ya Kinyakyusa, na kila nilipoitumia baada ya hapo bei ilipungua.

Kiwanda cha saruji kiko Songwe, njiani kuelekea mpakani. Saruji ni miongoni mwa bidhaa ambazo kanuni inazihesabu mara mbili, kwanza moshi wa tanuri na kisha umeme wa kusagia. Saruji ya Mbeya haiendi Ulaya. Inajenga hapa na kwa majirani. Basi kuna nini cha kuhofia? Nilizungumza na mtu wa biashara ya saruji, akanijibu kwa kunihesabia nchi. Afrika Kusini ina kodi yake ya kaboni tangu Juni 2019. Kanuni ya Ulaya inaruhusu kukata kiasi ambacho bidhaa imekwisha kulipiwa kaboni ilikotengenezwa. Kwa hiyo kila serikali inayouza Ulaya ina sababu ya kutoza yenyewe, fedha zibaki nyumbani badala ya kwenda Brussels. Ikishatoza viwanda vyake, vitalia kwamba saruji au umeme wa jirani asiyetoza unaviua. "Na hapo," alisema, "ndipo mpaka wenyewe unapohamia Nakonde, ng'ambo ya Tunduma."

Sidhani hilo liko karibu. Lakini nchi zilizo kwenye shirika la umeme la Kusini zinauziana umeme sokoni siku kwa siku, na kubwa kuliko zote, Afrika Kusini, huzalisha sehemu kubwa mno ya umeme wake kwa makaa. Tukishaungana nao, uniti zitakwenda na kurudi. Mwaka wa ukame kwetu, tutanunua. Umeme wa Mbeya siku hiyo utakuwa na makaa ndani yake, na mwenye saruji akiulizwa atajibu nini? Wakilijaza jibu hilo wenzetu kwa niaba yetu, watatumia takwimu za miaka iliyopita, ile ambayo gesi ilibeba nchi na bwawa lilikuwa bado ni saruji mbichi.

Jibu lililonitia moyo nililipata Mbozi, kwa mkulima wa kahawa nje kidogo ya Vwawa. Alikuwa akipalilia kati ya migomba, na tulipomaliza salamu, ambazo kwao haziharakishwi, nilimweleza nilichokuja kufuata. Hakuona ugeni wowote. Vijana wa chama cha msingi walikuwa wamekuja na simu, wakazunguka mipaka ya shamba lake lote, kwa sababu Ulaya ina sheria nyingine ya mwaka huohuo 2023 inayotaka kujua kahawa haikupandwa kwenye msitu uliokatwa. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini shamba lake limeshapimwa. "Mimi nina ekari tatu na wamezijua zote," alisema. "Huo umeme wa megawati elfu mbili umewashinda nini?"

Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba haujashinda mtu, haujaanza. Wanachama wa ushirika wasio na ofisi ya ghorofa wamekwisha kuandaa kumbukumbu ya mipaka kwa miguu. Chumba cha kuongozea gridi kina kumbukumbu ya kila saa, bora kuliko ya kahawa, na imelala.

Tunduma ni malori. Yalianza kilometa nyingi kabla ya mji, yamepanga upande mmoja wa barabara, na kwenye mengi kulikuwa na mabamba ya shaba yamefungwa minyororo, rangi ya jua la machweo, yakielekea Dar es Salaam kutoka Zambia na Kongo. Shaba haimo kwenye orodha ya Ulaya kwa sasa. Imetengenezwa kwa umeme mwingi sana, na ninaitazama kama bidhaa inayosubiri zamu yake.

Dereva mmoja wa Kitwe, akipika nshima, ugali wa kwao, kwenye jiko la gesi kando ya tairi, alinikaribisha. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kizuri. Mwaka 2024, alisema, mtaani kwake walikuwa wakipata umeme saa 3 kwa siku, mara nyingi usiku wa manane, na mke wake alikuwa akiamka saa hizo kupiga pasi na kugandisha nyama ya kuuza. Mdogo wake aliyekuwa na duka la kinyozi alilifunga. Nilimwonyesha minara upande wa Tanzania. Alitaka kujua jambo moja tu, lini. Habari za kaboni hazikumgusa, na sikumlaumu. Aliyekaa gizani hamwulizi jirani taa yake inawaka kwa nini.

Kwenye kituo cha pamoja cha forodha, ambapo Tunduma na Nakonde hukaguliwa chini ya paa moja, nilikaa na wakala wa mizigo aliyekuwa akimalizia karatasi za mchele. Alinionyesha cheti cha asili cha SADC: mchele umelimwa wapi, umekobolewa wapi, nani amethibitisha, muhuri. Bila hicho mchele wa Usangu unalipiwa ushuru kama mchele wa Pakistani. Nilimwambia kwamba siku laini ikiwashwa, kitu chenye thamani kubwa kuliko malori haya kitapita juu ya kichwa chake bila karatasi ya aina hiyo, kwamba kinachotakiwa ni mita ya kila saa hapa Tunduma, orodha ya kila saa ya mitambo iliyokuwa inazalisha, na vyote viwili kuchapishwa wazi chini ya sheria zetu wenyewe, ili mtu wa Lusaka, Johannesburg au Brussels akitaka kutuhesabu aanzie kwenye daftari letu.

Alifikiri kidogo, kalamu mkononi. "Sawa, kaka. Nani atasaini?"

Nilimwambia EWURA ndiyo yenye mamlaka ya kusimamia biashara ya umeme kwa sheria, kwa hiyo saini hiyo ni yao. Akauliza kama wameshaanza. Nikamwambia hilo ndilo ninalokwenda kuwauliza Dodoma.